Karani Asiyeamini Sakafu

Akiingia nyumbani kwa mtu hakutazami usoni, anatazama chini. Anavua ndala mlangoni hata kama umemwambia asivue, anaingiza mguu mmoja, anasimama hapo kidogo kama mtu anayesikiliza kitu kwa unyayo. Halafu ndiyo anasalimia, "Mwangaluka," na macho bado yako sakafuni.

Mtaa wetu wote hapa Bariadi tunamwita Karani. Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa karani wa pamba huko Nkoma, yule anayekaa kwenye mizani wakulima wakileta mzigo na kusema hii ni safi, hii ni fifi. Safi ni pamba nyeupe, fifi ni ile chafu ya daraja la chini. Kazi yake ilikuwa kutoamini. Watu walikuwa wanaficha mchanga katikati ya gunia, wengine wanamwagia pamba maji ili iwe nzito, wengine mawe kabisa bila aibu. Kwa hiyo kabla ya kupima alikuwa anakunja shati na kuzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, anapekua. Mkono wa kulia. Mpaka leo mkono huo wa shati ameukunja na wa kushoto ameufunga kifungo. Sijawahi kumwona vinginevyo, hata kanisani.

"Juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu," anasema. "Mchanga uko chini."

Maneno hayo nimeyasikia akiyasema juu ya mchele, juu ya maziwa, juu ya mahubiri, na juu yangu mimi. Juu yangu ni kwa sababu sisemi. Wageni wakija mimi nasalimia na kukimbilia jikoni, ndivyo nilivyo, hata darasani mwalimu akiniuliza najua jibu lakini linakaa kooni. Siku moja Karani akamwambia mama, ambaye yeye humwita mayu kwa Kisukuma, mbele yangu, "Huyu binti yako, mayu, ni gunia lililoshonwa sana. Mimi gunia la namna hiyo nalitilia shaka." Mama akacheka. Mimi nilienda kukasirika jikoni peke yangu na mwiko mkononi.

Na mama mwenyewe hakupona. Mama anauza dagaa sokoni, baba anawanunua Lamadi na kuwaleta kwa magunia. Karani akija kununua anachukua dagaa mmoja, anamvunja, anamsikiliza anavyovunjika. "Hujawanyunyizia maji hawa?" Mbele ya wateja! Mama anajibu, "Karani, kama huniamini nenda Lamadi ukavue mwenyewe." Anacheka, ananunua. Kesho yake anavunja mwingine.

Lakini mtu huyohuyo akija kwetu anatoa karanga mfukoni kwa ajili ya mdogo wangu Masanja, na kila karanga anaiuma kwanza kipande, anaonja, ndipo anampa. Hata karanga alizochemsha mwenyewe haziamini.

Niseme kwanza habari ya sakafu yetu, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini tulianza kumshuku.

Nyumba yetu ilikuwa na saruji ya zamani iliyopasuka kila upande. Sebuleni ndiko magunia ya dagaa yanakokaa. Kuku wanaingia bila hodi. Kuna paka ambaye hakuna anayejua ametoka wapi, amefuata harufu akabaki. Mbuzi akizaa wakati wa baridi, vitoto vyake vinalala kwetu. Na yupo Masanja. Masanja ana umri wa kukimbia lakini alikuwa bado anatambaa. Miguu yake ni dhaifu, na kliniki walisema atasimama, ila apewe muda na mahali pa kujaribia. Kwa hiyo sisi wengine tunaishi kwenye viti na vitanda, yeye anaishi sakafuni. Kuku akifanya lake, mkono wa kwanza kufika hapo ni wa Masanja. Ukifuta, uchafu unaingia kwenye ufa. Ukipiga deki, ufa unakunywa maji ya dagaa na kesho unayatoa kama harufu. Masanja akaharisha, akapona, akaharisha tena, akawa mwepesi mpaka ukimbeba unaogopa. Nesi akamwambia mama, "Dawa nakupa, lakini mtoto huyu anaumwa sakafu."

Mama akaamua. Kabla ya mvua tuwe na sakafu ambayo ukipitisha dekio mara moja imekwisha.

Hapo ndipo Karani alipoanza kuja kila siku.

Jirani yetu Mama Kulwa alishauri kapeti la mpira, lile linalokatwa kwa mita dukani. Alitukaribisha kwake tuone. Kapeti lake lina maua mekundu, limejaa sebule nzima, kweli linapendeza. Karani naye akaja, hakualikwa. Akavua ndala, akaweka mguu, akasimama. Halafu bila kuomba ruhusa akainama pembeni, akashika kona ya kapeti na kuivuta. Jamani. Chini kulikuwa na maji meusi, mende wakatawanyika, na kijiko cha chai kilichokuwa kimepotea tangu Kulwa na Doto wakiwa wachanga.

"Blanketi la uchafu," akasema Karani.

"Mzee, umekuja kwangu kunivua nguo?" Mama Kulwa akauliza.

"Nimekuja kuangalia."

Mama Kulwa hajamsalimia mpaka leo. Mimi nilimwonea huruma Mama Kulwa, ila kapeti sikulitaka tena.

Lakini msidhani Karani huwa sahihi. Yupo kijana mmoja fundi ambaye alipiga niru, ile saruji laini ya juu, kwenye nyumba ya mtaa wa nyuma. Karani akaingia na msumari, akakwaruza sakafu mbele ya mwenye nyumba, akasema fundi ameiba saruji, ameweka mchanga mtupu. Fundi wa watu karibu alie. Mwenye nyumba akamleta fundi mwingine aangalie, wakachimbua kipande, wakakuta kazi ni nzuri, wala haikupungua kitu. Basi fundi akamsubiri Karani njiani.

"Mzee, leo unasemaje?"

"Leo nimekosa."

"Huombi radhi?"

"Kesho nitaangalia tena," Karani akasema, akapita.

Ndivyo alivyo. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akikwambia kitu hujui umpime kwa mizani gani.

Mama moyo wake ulikuwa kwenye vigae. Si vigae tu, vile vyeupe vinavyong'aa, ambavyo ukiinama unaona pua yako. Aliviona dukani, akarudi nyumbani anavizungumzia kama mtu aliyeposwa. Unapitisha kitambaa, kinyesi kimeondoka. Unamwaga maziwa, unafuta. Hakuna ufa. Masanja atakuwa anatambaa juu ya sahani safi.

Karani aliposikia alisema, "Hivyo hapana."

"Kwa nini?"

"Hapana tu, mayu. Weka niru. Weka hata udongo. Hivyo hapana."

Mtu anayeweza kueleza mchana kutwa namna ya kumtambua dagaa aliyelowanishwa, siku hiyo akakosa maelezo. Akashika ndala zake akatoka. Na hapo mama akaanza kuchemka, kwa sababu Karani mwenyewe anavyo! Wote tuliona. Mwanawe anayefanya kazi Mwanza alileta gari la maboksi, na mafundi wake mwenyewe, wakaweka vigae vyeupe nyumba nzima. Tulichungulia siku ile mlango ukiwa wazi, kulikuwa kama ndani ya friji.

"Unaona," mama akaniambia akichambua mchicha. "Yeye anavyo, sisi tusiwe navyo. Huo ni wivu, hauna jina lingine."

Mimi nikawaza mengine. Tangu vigae vile viwekwe, Karani hamkaribishi mtu ndani. Zamani tulikuwa tunaingia. Sasa ukipiga hodi anatoka haraka, anavuta mlango nyuma yake, anakukalisha kwenye benchi nje. Mvua ikinyesha mnasogea pamoja chini ya bati, mnalowa miguu, lakini ndani hapana. Mtu anayefunua makapeti ya wenzake, kwake hapafunui. Hicho nilikiona kibaya sana.

Halafu ikaja habari ya mavi ya ng'ombe.

Nyuma ya nyumba tuna boma la ng'ombe wachache. Asubuhi moja mama akamkuta Karani bomani, ameinama, ana ndoo iliyofunikwa kitambaa.

"Karani! Kulikoni?"

"Nachukua kidogo, mayu. Mabichi."

"Ya nini?"

"Ya nyumbani."

"Nyumbani gani? Ile ya vigae?"

Akanyamaza. Akafunika ndoo yake, akaondoka kwa mwendo ule wake wa pole. Sasa, kuomba mavi ya ng'ombe si kosa huku kwetu, watu wanaomba wakapake sakafu za udongo, unampa, ndiyo ujirani. Lakini mwenye vigae anapaka wapi? Bibi yangu alikuja kututembelea kutoka Lalago, tukamsimulia. Akasema, "Anayeomba ana shida. Anayechukua kimyakimya ana lake."

Haikupita muda ndama wetu akakataa kunyonya, akafa. Bwana mifugo alisema ni ndigana, kupe wameleta. Mama akasema sawa, ndigana, na nani amewaleta kupe? Hakusema neno lile kubwa. Mama anasali, neno lile halitamki. Lakini alisema Karani asikanyage tena bomani, na Masanja asile karanga zake. Pale sokoni watu walianza kumpisha njia. Si kwa heshima.

Na mimi nilimshuku, nisiandike uongo. Nilikuwa namwona kwenye ua wa minyaa unaotenganisha nyumba zetu, amesimama na mbwa wake mzee anaitwa Fifi, kwa sababu ya rangi yake ya pamba chafu, wote wawili wanamtazama Masanja anavyotambaa. Nilikuwa nambeba mdogo wangu na kumwingiza ndani.

Jumamosi vigae vikafika. Vyeupe. Fundi wa vigae akavipanga maboksi ukutani, akaacha kimoja nje tukizoee, akasema Jumatatu anaanza. Mama alikipitishia kanga yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumapili mchana mama alikuwa sokoni, mimi nafua. Nikageuka, Masanja hayupo. Chini ya minyaa kuna upenyo anaopita Fifi. Vumbini pale nikaona alama za magoti mawili yameburuzwa, zinaelekea kwa Karani.

Nilikimbia. Nilitakiwa kupiga hodi na sauti haikutoka, nikasukuma mlango.

Nilichokiona kwanza sikukielewa. Pembeni mwa sebule vigae vilikuwa vinang'aa vilevile, vyeupe, unaona dirisha ndani yake. Lakini katikati kulikuwa na njia. Njia ya mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo, imepakwa kwa kiganja, unaziona alama za vidole, imekauka rangi ya majani makavu. Ilianzia mlangoni, ikapita kwenye kiti, ikakata kwenda chumbani, nikaiona mpaka kitandani. Mahali pengine ilikuwa imebanduka vipande kama ukoko, na kwenye vipande hivyo Karani alikuwa amepiga magoti na ndoo yake, anaziba. Fifi alikuwa amesimama juu ya njia ile, miguu ya nyuma inatetemeka lakini amesimama. Na Masanja alikuwa ameshika mgongo wa Fifi kwa mikono miwili. Amesimama. Vidole vya miguu vimeshika ule udongo kama vya kuku kwenye tawi.

"Nani kakwambia uingie?" Karani alifoka. Mkono wake ulikuwa wa kijani mpaka kwenye kiwiko.

Nilikuwa namtazama Masanja.

Karani akatafuta pa kufutia mkono, hakupata. Sauti ikashuka. "Mbwa alikuwa anateleza," akasema. "Walipoweka hivi vitu, Fifi akashindwa kusimama kabisa. Miguu inaenda huku na huku. Akawa anajikojolea palepale alipoangukia. Nifanyeje?"

"Mwanao je, babu?" nikauliza. Nafikiri lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu nizaliwe.

"Akisema anakuja nakwangua yote. Naosha, inang'aa, anafurahi. Akiondoka napaka tena."

Ningecheka, ila alikuwa ananitazama kwa namna ambayo huwezi kucheka.

"Watu wanasema una wivu," nikamwambia. "Na wengine wanasema zaidi."

"Waseme. Wakisema nina wivu, ni mimi. Wakisema mtoto alijinyima akamwekea baba yake kitu, baba akakipaka mavi, hiyo inamwendea yeye." Akasimama kwa kushika kiti. "Wewe husemi. Leo nataka nione kama ni kweli husemi."

Nikaahidi kutosema. Kuandika sikuahidi.

Asubuhi ya Jumatatu fundi akaja, anaimba, anachanganya saruji. Nikakichukua kile kigae cha nje, nikakiweka chini mbele ya kigoda, nikamwagia maji kidogo, kama mtu aliyetoka kupiga deki. Nikamweka Masanja juu yake. Akashika kigoda ajiinue, kama alivyomshika Fifi jana yake. Miguu ikamteleza, mmoja huku mmoja kule, kidevu kikagonga kigoda, akalia. Fundi akaacha kuimba.

"Unamfanyia nini mtoto?" mama akaniuliza.

"Mama, hivi hapana."

"Eti?"

"Vinafutika, lakini hatasimama. Hatasimama kamwe juu ya hivi."

"Kumbe dada mkubwa anaongea!" fundi akasema. "Mimi nilidhani ni picha ya ukutani." Halafu akakikanyaga kile kigae kwa kisigino, akakizungusha mguu. "Lakini viko vya kukwaruza, mama. Vile vya chooni. Duka linabadilisha, maboksi hayajafunguliwa."

"Sebuleni kwangu niweke vya chooni? Wageni wakija nawaambia karibuni chooni?"

Mama akamshika Masanja kidevu. Nilijua anaangalia kile cheupe. Halafu akasema, "Rudisha." Fundi alipotoka akanigeukia. "Nani amekufundisha maneno haya? Karani?"

"Nimeona mwenyewe."

Haukuwa uongo. Ila mama alinitazama siku hiyo kama Karani anavyotazama dagaa.

Basi tunavyo vya kukwaruza, rangi ya kijivu. Na niseme ukweli, si rahisi kusafisha kama vile vingine. Uchafu unajibanza, dekio halitoshi, ni brashi na sabuni, na mwenye brashi ni mimi. Lakini nyufa hazipo, na kuharisha kumepungua. Masanja anasimama kwa kushika magunia ya dagaa. Karani alikuja kuviona, akavua ndala, akaweka mguu.

"Haya Karani, safi au fifi?" mama akamuuliza kwa kejeli.

"Tuone mvua zikija," akajibu. Mama alimpa maji ya kunywa, mlangoni. Bomani bado hamruhusu. Habari ya ndama haijaisha moyoni mwake.

Ndoo ya mavi ya Karani nikawa naipeleka mimi, mama akishakwenda sokoni, kwenye upenyo wa minyaa. Siku moja mama alisahau kanga akarudi, akanikuta nayo, nimeifunika kitambaa. "Ya nini hiyo?" Nikasema ya bustani ya shule. Nikajisikia nilivyonyamaza baada ya hapo, ni vilevile alivyonyamaza Karani.

Mvua zilipoanza Fifi akafa. Karani alimzika nyuma ya nyumba, sikumwona akilia. Nikaacha kupeleka ndoo. Nilidhani sasa atakwangua ile njia, nyumba ing'ae, aanze kukaribisha watu tena.

Juzi nilikuwa nafagia uani, nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ua.

"Binti."

"Abee, babu."

"Ndoo iko wapi?"

"Si Fifi hayupo, babu?"

Alikuwa ameshika nguzo ya ua kwa mkono wa kushoto, ule wa kifungo, ameishika kwa nguvu mpaka mishipa imetokeza, na mguu mmoja ulikuwa unapapasa tope kabla ya kukanyaga.

"Na mimi je?" akasema.

Nikaikumbuka ile njia ilivyopita kwenye kiti. Ilivyokata kwenda kitandani. Fifi alikuwa analala mlangoni siku zote.

Nikaenda bomani nikajaza ndoo, nikaipitisha kwenye upenyo. Karani akaiweka chini. Akaiangalia juu, akaniangalia na mimi. Halafu akazamisha mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, akapekua huko chini taratibu, anatafuta mchanga.